Mpira Mwekundu wa Turbo

Mkinicheka, nichekeni taratibu. Subaru yangu ina turbo, ile pampu ya kusukuma hewa kwenye injini, na mimi, mwalimu mzima, nilikuwa nimeamini kwamba nikiung'oa ule mpira mweusi wa kupitisha hewa na kuweka mwekundu wa silikoni, gari litapaa. Baba mkwe, dereva mstaafu wa malori, aliniuliza, "Kwani wa zamani umetoboka?" Nikasema hapana.

Nililiacha gari na mpira mpya kwa fundi, mtaa wa Ngokolo. Jumamosi nilipolifuata, fundi alikuwa amekwenda kula. Nikachukua funguo mezani, nikampitia mzee, tukaelekea Geita.

Njiani sikufunga mdomo. "Baba, unasikia linavyovuta? Hata mlio umebadilika." Kila lori nililolipita, sifa nikaupa mpira. Mwishowe mzee akalainika. "Kweli mkwe, limekuwa jepesi. Nitamwambia na shemeji yako aweke."

Simu ikaita. Kwa kuwa nilikuwa naendesha, nikaiweka spika.

"Shikamoo mwalimu," akasema fundi. "Gari umeshachukua? Mpira wako mwekundu ninao hapa, sijaufunga bado."

Mzee akageukia dirishani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.