Mwitikiaji wa Mshairi

Kila Winifrida anapomnyoa ndevu katika makao ya wazee pale Walthamstow, yule mshairi wa Kigiriki hughani shairi lake moja ambalo hakuwahi kuliandika popote. Vidole vyake vyembamba hugonga mizani kwenye mkono wa kiti. Winifrida hajui Kigiriki, lakini kwao msimulizi haachwi peke yake, basi huitikia, "Enhe." Mzee naye huendelea, sauti ikipanda.

Leo vidole viligonga, maneno hayakuja.

"Enhe, babu," Winifrida akamhimiza.

Mzee akamkazia macho yaliyojaa hofu. "Wewe umelisikia kila siku," akasema kwa Kiingereza chake kizito. "Nikumbushe."

Winifrida akashusha wembe. Katika shairi lote, alichokishika ni ile enhe yake tu.