Maneno Niliyomwibia Mtani

Ukiandika hadithi ya watu wanaolima na kuoana, hakuna anayekuuliza umeitoa wapi. Ukiandika mji wa wafu, kila mtu anataka kujua. Mimi niliulizwa Jumamosi moja mchana huko Kinondoni, katika darasa la shule ya msingi ambalo duara letu la waandishi lililiazima wanafunzi wakishaondoka. Tulikuwa tisa, tumejikunja kwenye madawati ya watoto. Ubaoni palikuwa na hesabu za kutoa ambazo hakuna aliyejali kuzifuta.

Mwenyekiti wetu, mwalimu mpole aliyependa kusoma akiwa amesimama, alishika kurasa zangu kama mtu anayepima uzito wa samaki.

"Dada," alisema, "mji huu wa wafu una faida gani kwa mwananchi?"

"Unamwogopesha kidogo."

"Mwananchi ana foleni ya sabuni tangu alfajiri. Bado unataka kumwogopesha?"

Wenzangu walicheka. Karani mmoja aliyekuwa akitunga mashairi alinitetea kwa namna yake: "Mwenyekiti, hata huko chini wafu wamepanga foleni. Soma ukurasa wa sita. Hao wameshaielewa siasa kuliko sisi."

Kicheko kilipokwisha, mwenyekiti aliuliza kwa dhati. Mambo ya ajabu kama haya, mtu anayatoa wapi? Wenzangu waliwahi kujibu katika vikao vingine. Mmoja alilala na karatasi chini ya mto ili ndoto isimponyoke. Mwingine alipita makaburini saa sita mchana, jua likiwa utosini, akisema huo ndio wakati wafu wanapokuwa wapweke. Mimi nilijibu maneno mawili tu, na niliyajibu kwa majivuno.

"Nabuni tu."

Huo ulikuwa uongo, ingawa nusu yake ilikuwa kweli. Mahali nilipabuni mwenyewe. Nilipokuwa mdogo mama alinichukua Pugu kutafuta kuni, tukapita karibu na machimbo ya udongo mweupe. Kilima kilikuwa kimefunguliwa ubavuni, na ndani yake hapakuwa na giza kama nilivyotarajia, bali weupe uliozidi kuwa mweupe kadiri macho yalivyoingia ndani. Mama alinivuta mkono. Miaka mingi baadaye, nikiwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini, weupe ule ulinirudia kila nilipoweka karatasi tupu kwenye mashine. Nikaanza kujenga mji ndani yake. Nikauwekea barabara, visima vyenye unga badala ya maji, na lango ambalo mlinzi wake aliandika majina kwa kidole kwenye vumbi kisha akayapuliza.

Lakini mji ule haukuwa na watu. Kila niliyemwingiza alisimama kama sanamu. Nilijaribu majini, nikajaribu mfalme mwenye vichwa viwili, nikamchana. Karibu mwaka mzima mji wangu ulikaa mtupu kama nyumba ya mtu aliyehama. Ndipo baba alipofariki, na mtani wake akaja msibani.

Sisi ni Wangoni. Baba alikuja Dar es Salaam kijana, akabeba mizigo hadi kifua kilipomkataa. Mtani wake alikuwa Mhehe, fundi wa baiskeli hapo hapo Temeke, jirani yetu wa njia ya tatu. Babu zao walipigana, kwa hiyo wao walitukanana kila siku kwa mapenzi makubwa. "Mtumwa wangu umeamkaje?" ndiyo ilikuwa salamu yao. Mimi, kama binti wa mtani, niliitwa "mke wangu" tangu nikiwa sijui kufunga kamba za viatu.

Siku ya mazishi, wanawake tukiwa tumekaa mkekani pamoja na mama, mtani alitoka chumbani akiwa amevaa koti la baba na kofia ya baba. Alitembea akiburuta mguu wa kushoto, kama baba alivyouburuta tangu utoto wake. Aliigiza hata ile namna baba alivyokohoa kabla ya kusema jambo lisilo na maana. Akasimama mbele ya mama.

"Mke wangu, nimerudi. Huko nimekuta foleni ndefu, nimeambiwa siyo zamu yangu."

Watu wakaanza kuguna.

"Lakini sikai. Nimefuata kofia tu. Huko nimeshapata mwingine. Ugali wake haushiki kwenye meno. Na halalamiki. Wewe miaka yote hii umenilisha maneno, nikashiba, ndiyo maana unaniona nimekufa."

Mama alicheka. Siku tatu alikuwa hajala wala kulia, amekauka kama ngozi iliyowambwa juani, na sasa alicheka mpaka akaniegemea, na kicheko kikageuka kilio, kilio kile alichokuwa amekikosa. Nilikuwa nimemshika mkono. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa ninahesabu maneno. Nilikuwa nikijiambia: kofia, foleni, ugali. Nilikuwa nimempata mtu wa kwanza wa mji wangu.

Baada ya hapo kitabu kilijiandika. Mfu mwenye kuburuta mguu alipita langoni, na mji wote ukaamka kumpisha. Alikuwa na wake weupe wasio na ndimi. Alimcheka mjane wake kutoka chini ya ardhi. Niliyaweka maneno ya mtani karibu yote, nikaongeza yangu, makali zaidi, kwa sababu kalamu ikishaonja chumvi huomba nyingine. Kwenye duara walisema huyo ndiye mtu aliye hai kuliko wote katika kitabu. Karatasi zilikuwa adimu, lakini nilichapa mwenyewe stensili, zile karatasi za nta, na mwenyekiti akatupatia mashine ya kudurufu ya shule. Tulitoa nakala arobaini, zenye wino uliopaka vidole, zimebanwa kwa pini.

Nakala moja nilimpelekea mtani. Nilimkuta amepindua baiskeli ya mtu, anazungusha gurudumu na kulisikiliza.

"Shikamoo."

"Marahaba, mke wangu. Umeniletea chakula au umeniletea maneno?"

"Maneno. Yako mwenyewe. Nimeyatia kwenye kitabu."

Nilimsomea palepale, nimesimama. Nilitegemea acheke. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Umewasomea nani haya?"

"Watu wa Kinondoni. Wamependa sana."

"Na mama yako?"

"Bado. Ndiyo kwanza yuko kwenye kisomo."

Alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Aliponena hakuniita mke wake.

"Mie nikisema yale, nasema mara moja. Natema, napewa maji nanawa, naondoka nayo. Ndiyo kazi ya mtani. Mtoto hasemi kwa mdomo wa baba yake. Na wewe hukuyasema tu, umeyaandika. Maneno yaliyoandikwa hayanawi, yanakaa humo humo ndani ya nyumba."

"Ni hadithi tu, mtani."

"Koti lilikuwa la nani?"

Alilizungusha gurudumu tena. "Omba mama yako asijue kusoma," alisema, na hakusema kwa utani.

Hiyo ndiyo dua mbaya kuliko zote nilizowahi kuombewa, na nakiri niliiomba. Nchi nzima ilikuwa inafundishwa kusoma. Balozi wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango. Mama alikwenda kila alasiri na khanga mbili na daftari lililofunikwa gazeti. Kitabu chao cha kisomo kilihusu kilimo bora cha pamba, na mama, ambaye Temeke hakuwa hata na mahali pa kupanda mchicha, aliweza kukueleza nafasi kati ya shina na shina.

"Nimechoka na pamba," aliniambia siku moja. "Nikimaliza hiki nataka kitabu chenye watu. Nataka chako."

Nilisema nakala zimekwisha. Wiki iliyofuata alirudi na nakala mkononi. Mwalimu wake wa kisomo alikuwa na rafiki katika duara letu.

Alikisoma barazani, kurasa mbili kwa siku, kwa sauti, kidole kikitambaa chini ya mstari. Ndege zilizokuwa zikishuka upande wa Kiwalani zilimkatiza, naye aliweka kidole na kungoja zipite. Visima vya unga vilimfurahisha. Alimwonea huruma mlinzi wa lango, akasema lazima ana vumbi kifuani. Mimi nilihesabu kurasa zilizobaki. Nilifikiria kuichana ile sura ya mfu anayeburuta mguu. Nilifikiria kuimwagia uji. Kila siku nilipotoka kazini niliangalia uso wake kwanza kabla ya kusalimia.

Jumapili moja aliifikia. Alikuwa na ungo wa mchele mapajani, na mchele wa siku zile ulikuwa nusu mawe. Alisoma mistari miwili ya sura ile, mtu anayeburuta mguu anaonekana kwa mbali, kisha akanipa kitabu.

"Nisomee wewe, mie nichague mchele."

Nilikipokea. Niliyaona maneno ya mtani yamesimama kwenye wino, na nikasoma kitu kingine. Nilisoma kwamba mfu alipofika langoni alivua kofia. Kwamba mlinzi alimuuliza ameacha nini juu, akajibu ameacha mke anayeimba akitwanga, asiyejua kwamba anaimba. Kwamba aliomba akae karibu na lango, mahali ambapo mtwango wa juu ungeweza kusikika. Kwamba alikataa maji ya kisima cha unga kwa sababu mdomoni mwake bado mlikuwa na ladha ya mboga aliyopikiwa mwisho. Yalikuja yenyewe, moja likivuta jingine. Maishani mwangu sijawahi kubuni vile. Sauti yangu ilitetemeka, na nilidhani ni kwa uzuri wake.

Mama alikuwa ameacha kuchagua.

"Mbona hufunui?" aliuliza.

"Nini?"

"Ukurasa. Umesema mengi. Yangekuwa yamejaa kurasa tatu. Hujafunua hata mmoja."

Alinyoosha mkono. Nilimpa kitabu kwa sababu sikuwa na njia ya kukizuia. Akaweka kidole pale alipoachia, na akasoma. A-ka-se-ma. Ni-me-fu-a-ta ko-fi-a. Nilisikia maneno ya mtani yakitoka kinywani mwa mama silabi kwa silabi, hayana kikohozi, hayana mguu wala koti, na yakiwa hivyo, matupu, hayakuwa na chembe ya kicheko. Alisoma mpaka penye yale niliyoyaongeza mimi. Hapo alisoma polepole zaidi, kwa sababu yalikuwa mageni kwake.

Alipomaliza alikifunga kitabu, kidole kikiwa ndani.

"Mtani hakusema haya ya mwisho."

"Hakusema."

"Siku ile ulikuwa umenishika mkono."

"Ndiyo, mama."

"Nilidhani unanishika."

Nikataka kumweleza jinsi kitabu kinavyopata uhai, kwamba mwandishi huokota anapoona pana kitu, kwamba sikukusudia. Midomo iliandaa hotuba nzuri ambayo duara la Kinondoni lingeipigia makofi. Nilisema tu, "Nisamehe."

"Na yale uliyonisomea, ya lango, yako ukurasa wa ngapi?"

"Hayapo. Yamekuja sasa hivi."

Alitazama mchele, akatoa jiwe moja, akalitupa uani. "Basi mie sijui," alisema. "Yale ungeyaweza, ukaandika haya."

Nilijaribu kuyaandika baadaye, siku ile ile, na siku zilizofuata. Mtwango haukusikika. Mtu wa langoni alirudi kuwa sanamu. Mwenyekiti ananiuliza kitabu kipya kimefika wapi, nami namwambia kinakuja.

Mama hakukiacha kitabu. Alifaulu mtihani wa kisomo, akapewa cheti, na bado kila alasiri hukaa barazani na zile kurasa zangu zilizobanwa kwa pini. Ila hasomi tena kwa sauti. Sikujua kwamba ameshajifunza kusoma kimya. Kidole hutambaa, midomo haichezi, uso hausemi kitu. Mimi hukaa mlangoni nikimtazama, na siwezi kujua amefika wapi.