Nimefika wa Kwanza, Familia Siioni

Leo nimewashinda wote kwa baiskeli, na bado sielewi kama nimeshinda.

Yalikuwa matembezi ya baiskeli ya familia, ya kwanza kwetu mwaka huu, kabla joto la Dubai halijachachamaa.

Asubuhi mkwe wangu kaniambia, "Baba, wewe kaa garini ulinde maji."

Mimi! Niliyekuwa nikibeba magunia mawili ya mkaa kwa baiskeli isiyo na breki!

Filimbi ya kuanza ilipolia sikumtazama mtu. Nikakanyaga mpaka mwisho wa njia.

Nikageuka. Binti yangu hayupo. Mkwe hayupo. Wajukuu hawapo.

Jamani, moyo! Wameanguka?

Nikarudi mbio. Nikawakuta wote wameshuka, wanampa mkono mzee wa Kiarabu aliyeketi kando ya njia.

"Yalla, twendeni! Mnafanya nini hapa?"

Mjukuu wangu Rehema, wa miaka saba, akanishangaa. "Babu, si ulitufundisha jana? Mzee hapitwi ukiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unamwamkia."

Kweli nilisema. Kwetu ndivyo tulivyolelewa.

Yule mzee akanitazama, akasema kitu kwa Kiarabu. Mkwe wangu akacheka mpaka akashika tumbo.

"Baba, anauliza huyu aliyempita kama upepo bila salamu ni wa familia gani."

Wote wakajifanya hawanijui. Hata binti yangu mwenyewe!

Nikashuka, nikampa mkono.

Sasa nyie mnaojua mambo, niambieni: leo mimi ni wa kwanza au wa mwisho?