Sauti ya Shangazi Juu ya Gari

Hasira zangu sizifichi, na afisa wa masoko akizisikia, na azisikie. Shangazi yangu anauza mashuka ya mtumba, na soko zima humwita Mama Kipaza. Sauti yake ndiyo iliyokuwa ikitoka kwenye vipaza sauti vya wenzake: cha muuza sufuria, cha muuza dawa ya panya, hata cha yule fundi viatu asiyeweza kumbembeleza mteja bila kugombana naye.

Nilikuwa nikikaa nyuma ya banda lake nikikunja mashuka, naye ananifundisha. "Usimwambie mtu anunue," alisema. "Muulize jambo ambalo hawezi kulikataa, halafu nyamaza. Mwache ajijibu mwenyewe moyoni. Akishajijibu, umemaliza kazi." Na kila mteja kwake alikuwa jirani. "Jirani, nani hapa halali?" Kimya. "Basi lalia shuka safi!" Watu wanacheka, mikono inaingia mifukoni.

Afisa wa masoko alikuja na tabasamu na soda baridi. Alitaka Shangazi arekodi tangazo, lipigwe kwenye gari lenye kipaza sauti, la kuwaomba wafanyabiashara wahamie soko jipya. Lina paa, alisema, lina maji, na wateja watakuwa tele. Akaapa. Shangazi akamwamini, akamwaga ufundi wake wote. "Jirani, nani anapenda kulowa mvua?" Kimya. "Nani anapenda kurudi nyumbani mikono mitupu?" Kimya. "Basi twende!"

Tukaenda. Wangekuja kutubomolea bila maneno, watu wangelala barabarani wasitoke. Badala yake walifungasha wenyewe, tena wakimshukuru Shangazi. Soko jipya lilikuwa uwanja wa vumbi wenye nguzo nne na bomba lisilotoa hata tone. Pale tulipotoka pakazungushwa mabati na kuanza kuchimbwa msingi wa ghorofa. Muuza sufuria, aliyekula kwetu miaka yote, alipita mbele ya Shangazi akatema mate.

"Wewe ndiye uliyetutoa," alisema.

Nilitaka kumrukia yule mwanamke. Lakini alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Nimewauza," Shangazi aliniambia, ameketi juu ya robota lisilofunguliwa. "Si yule bwana, ni mimi. Angesema yeye, wangemzomea."

Kisha tukasikia kwamba gari lile la matangazo limehamia soko la mboga, ng'ambo ya mji, na tangazo ni lile lile. Watu hawana haya! Hata kurekodi jingine waliona kazi. Shangazi alitupa shuka alilokuwa akilikunja, akavaa viatu, nami nikamfuata mbio.

Tulilikuta limesimama katikati ya soko, afisa ameketi mbele, kioo amekipandisha. Shangazi akaanza kupiga kelele. Yeye, bingwa wa maneno! Alitukana, akalia, akadandia hili na kuacha lile, mpaka sauti ikamkauka. Muuza nyanya mmoja akamshika mkono.

"Mama, samahani, hebu nyamaza kidogo. Tunamsikiliza huyu mama. Anaongea vizuri."

Nilidhani Shangazi ataanguka. Akanyamaza kweli. Akaisikiliza sauti yake mwenyewe, ile tamu, ikiuliza nani anapenda kulowa mvua. Kikafika kile kimya. Shangazi akapanda juu ya kreti tupu.

"Sisi ndio tunaolowa," akasema, safari hii bila kelele. "Paa hakuna."

Watu wakageuka. Gari likauliza nani anapenda kurudi nyumbani mikono mitupu. Kimya.

"Sisi ndio tunaorudi mikono mitupu. Wateja hakuna."

Muuza nyanya akamtazama Shangazi, akakitazama kipaza, akamtazama tena. "Jamani, ni yeye!" akapaza sauti. "Ni huyu huyu!"

Afisa akaongeza sauti ya tangazo, mwisho wa kuongeza. Alisahau kwamba kimya hakiongezeki. Tangazo likaanza upya, likauliza habari za mvua, likatulia kama Shangazi alivyolipanga.

"Wao ndio wanaolowa!" soko zima likajibu, likitunyooshea vidole.

Gari likaondoka likiuliza maswali yake peke yake. Hakuna aliyefungasha. Shangazi akashuka kwenye kreti, akajifuta uso kwa upande wa kanga, nasi tukarudi kwenye vumbi letu.