Mimi, Yeye na Wifi

Katika banda la kupondea magome pale Neiafu, mji wa visiwa vya Tonga, Kalolaine alisifika kwa mdomo kuliko mikono. Wenzake waliponda magome mpaka yakalainika kuwa kitambaa, yeye nyundo yake imelala, anasimulia. Kwa hiyo redio ya kisiwa ilipoomba wasikilizaji wapeleke hadithi za kutunga, wanawake hawakumpa nafasi ya kukataa.

Akatunga hadithi ya mke ambaye mumewe amekwenda Australia kuchuma zabibu, na simu zake zimeanza kuwa fupi. Aliiandika kwa "mimi": nilisikia mtu akicheka nyuma yake, nikamuuliza nani, akasema ni upepo. Alipowasomea wenzake bandani, nyundo zote zilisimama. Jirani yake Leotisia alimshika goti, akampa pole.

"Pole ya nini? Nimetunga."

"Haya, umetunga," Leotisia akasema, kwa sauti ya mtu anayemfunika mgonjwa shuka.

Maana Sioeli, mume wa Kalolaine, naye alikuwa huko huko Australia, kwenye zabibu.

Habari zikamfikia Vika, dada yake Sioeli. Kwa Watonga dada wa mume ndiye mkubwa wa nyumba hata kama haishi humo, basi alipokuja alitandikiwa mkeka mzuri, Kalolaine akaketi chini.

"Unamvua nguo kaka yangu mbele za watu," Vika alisema.

"Wifi, huyo 'mimi' si mimi."

"Kama si wewe, mwondoe."

Akamwondoa. Aliandika upya kwa "yeye", mke asiye na jina. Safari hii Leotisia, ambaye mumewe pia yuko ng'ambo, alisikiliza huku uso ukimbadilika, kisha akabeba ubao wake wa kupondea akahamia pembeni kabisa. Siku nyingi hakumsalimu. Kalolaine akaona makubwa: ukisema "mimi" unashukiwa wewe, ukisema "yeye" jirani anajishuku mwenyewe.

Akaona bora hadithi aisimulie mume. Lakini kalamu ilikwama, kwani hakujua mwanamume huko anaamkaje, anapikiwa na nani, jioni anakwenda wapi. Akampigia Sioeli amuulize. Sioeli alijibu mawili matatu.

"Vika kakwambia nini?" akauliza.

Kalolaine hakuwa amemtaja Vika.

Alikata simu, akakaa na lile swali. Akaikumbuka ile siku ya mkeka. Wifi alifoka, ndiyo, lakini hakusema hata mara moja kwamba kaka yake si mtu wa namna hiyo. Alichotaka ni watu wasisikie tu.

Hapo ndipo alipopata macho ya kuitazamia hadithi yake. Asubuhi moja aliiandika yote upya, ikisimuliwa na dada wa mume: anajua, anakula chakula cha mke wa kaka yake, ananyamaza. Akampa huyo dada picha ya mtoto mchanga kwenye simu, mwenye masikio ya baba yake. Picha hiyo aliibuni tu. Bandani hakuisoma, aliipeleka redioni moja kwa moja.

Ilisomwa Jumamosi mchana. Mtangazaji hajaweka wimbo, Vika amekwisha kufika mlangoni. Safari hii hakungoja mkeka, aliketi sakafuni.

"Nani kakwambia habari za mtoto?"

"Hakuna. Umeniambia wewe, wifi, sasa hivi."

Vika akainamisha kichwa, akasema yote. Mtoto ni wa kike, mama yake hupakia zabibu kwenye makasha, na Sioeli alimsihi dada yake amfichie siri. Kalolaine alimsikiliza, na kitu cha kwanza kilichompanda moyoni kilikuwa furaha: hadithi yake ilikuwa sahihi. Akajionea haya. Machozi yalikuja baadaye, akimenya magimbi.

Msimu ulipokwisha Sioeli alirudi, akafikia kwa Vika. Alipokuja kuomba radhi, Kalolaine alimwambia aketi asimulie tangu mwanzo, kwa kinywa chake mwenyewe, asiruke kitu. Sioeli alisimulia mpaka jua likainamia magharibi. Lilikuwa simulizi tamu, na kila palipokuwa na kosa, mtendaji alikuwa mtu mwingine. Kalolaine alimsikiliza mpaka mwisho, hakuamini hata nusu yake, akamwambia kwa upole arudi kwa dada yake.