Kanda ya Mzungu na Betri Zilizochoka

Kaka yangu mkubwa alikuwa akipiga gitaa la solo katika bendi moja hapa Mwanza, na mimi nilimjivunia mpaka nikawa kero kwa wenzangu. Kisha biashara ikaachiwa huru, baa zikaleta maspika makubwa na kanda za kutoka nje, na bendi ya watu tisa ikaonekana mzigo. Ikavunjika. Kaka akaenda kiwandani kukata minofu ya sangara, na mwaka haukuisha kabla kisu hakijamkata mshipa wa mkono wa kushoto. Vidole viwili vya mwisho vikagoma kukunjika. Gitaa likapanda juu ya kabati, na pale nyumbani Pasiansi hakuna aliyethubutu kulitaja.

Mimi nilikuwa nasomea ualimu Butimba. Jumamosi moja nilikuwa soko la Mlango Mmoja natafuta sketi ya mtumba, nikaona kanda kwenye rundo la vikorokoro. Kwenye jalada kulikuwa na mzungu mtu mzima aliyekumbatia gitaa la mbao, nyuma yake milima. Niliinunua kwa sababu ya lile gitaa tu. Miaka mingi baadaye ndipo nikajua kwamba muziki ule wa vijijini Marekani unaitwa bluegrass, na kwamba yule bwana ni gwiji mkubwa wa kudonoa nyuzi kwa kijiplastiki kimoja.

Nyumbani hatukuwa na umeme. Redio yetu ilitumia betri ambazo tulizianika juani kila zilipokata roho, zikafufuka, tukazianika tena. Niliweka kanda. Hakuna aliyeimba, lilikuwa gitaa peke yake, zito, likienda polepole kama mwanamke mwenye ndoo ya maji kichwani. Kaka akaweka kikombe chini.

"Huyu mtu amefiwa," akasema.

Kesho yake aliteremsha gitaa, akalegeza nyuzi zilingane na redio, akakata kijiplastiki kwenye kifuniko cha ndoo. Ule wimbo wa kwanza ulimchukua wiki tatu. Kwa mwendo ule, vidole viwili vizima vilitosha. Majirani walikuja kukaa barazani, na mama mmoja aliyetoka kuzika alimwomba aurudie. Kila nilipokuja kutoka chuoni alinipigia mimi kwanza, akinitazama usoni. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Siku moja niliazima kanda ile, nikaisikiliza chuoni kwenye redio ya umeme. Haki ya Mungu, niliruka. Yule mzungu hakufiwa na mtu! Ni betri zetu zilizochoka zilizokuwa zikimburuta. Nyuzi zilimiminika kama mvua juu ya bati, wimbo wa harusi, wa watu kucheza mpaka viatu vitoke. Vidole vyote vizima visingeufikia, sembuse viwili. Nikacheka, halafu nikalia, halafu nikafanya uamuzi ambao mpaka leo sijui niuite nini.

Nikaamua kaka asijue. Betri za nyumbani zilipokufa kabisa nilinunua mpya, nikazitia kwanza kwenye tochi yangu na kuiacha ikiwaka ndani ya sanduku la nguo mpaka mwanga uwe wa njano. Hapo ndipo nilipozihamishia kwenye redio. Niliendelea hivyo karibu mwaka mzima. Nikawa fundi wa kuchosha betri.

Likizo ya Pasaka nilirudi kutoka sokoni, nikasikia gitaa tangu njiani, mbio, lenyewe hasa. Kaka alikuwa amekaa barazani, mikono juu ya magoti, redio mbele yake, na tochi yangu kando.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kaa usikilize mtu anavyopiga."

Tulisikiliza upande mzima. Sikuwa na pa kuweka macho. Kanda ilipokata, akasema, "Nilitafuta sindano sandukuni mwako. Nikakuta tochi inawaka mchana, betri zake mpya, nikazitia humu."

"Kaka, nisamehe. Sikutaka ujue kwamba..."

"Kwamba betri zimechoka? Mdogo wangu, nimepiga solo miaka kumi. Nilijua tangu siku ile ya kwanza." Aliunyoosha mkono wake mbaya, akautazama. "Niliwaambia amefiwa ili niweze kuupiga wimbo wake. Wewe uliamini. Nikasema, basi, yupo mmoja anayenisikia kama zamani." Akaitoa kanda redioni. "Kumbe ulikuwa unanionea huruma."

Hakuwa na hasira. Afadhali angenitukana. Wiki ile ile alilipeleka gitaa kanisani kwa wanakwaya, na hakupiga tena mpaka alipofariki.

Nilimwambia siku ile, na nikarudia mara nyingi baadaye, kwamba nilipenda upigaji wake kuliko ule wa mzungu, kwamba kila nilipotokwa na machozi barazani pale yalikuwa ya kweli. Ilikuwa kweli tupu. Alinijibu, "Asante, mdogo wangu," kwa upole, kama mtu anavyomshukuru aliyemletea uji hospitalini.