Bega Langu Ndilo Linaloongoza Kwaya ya Mjomba

Admin, nifichie jina, na la kanisa usilitaje kabisa, maana Nachingwea ni ndogo na watu wake wana macho. Mimi ni dada wa miaka ishirini na nane, fundi cherehani, sijaolewa. Na tafadhali msijazane kwenye komenti kuniuliza mbona sijaolewa, leo sikuja na hilo.

Nimelelewa na mjomba wangu, kaka yake mama. Kwetu Wamwera mjomba akishasema, hata baba mzazi anatulia. Mjomba ndiye mwalimu wa kwaya yetu na bendi yake ya matarumbeta, zaidi ya miaka thelathini sasa. Mimi alinifundisha noti nikiwa darasa la pili. Anachora mistari mitano kwa chaki sakafuni, anapanga korosho ghafi juu yake, naimba. Nikipatia, napewa za kukaanga. Ndoto yake ilikuwa kuongoza okestra kubwa ya watu mia na vayolini zao, siyo haya matarumbeta yetu yaliyochomelewa kila mahali. Hakuipata, na hajawahi kulalamika mbele yangu.

Miaka mitatu iliyopita aliugua homa kali, akapona, lakini masikio hayakupona. Alikataa kusema kwamba hasikii vizuri. Tulijua siku tulipoalikwa Ruangwa: mkono wake ulishusha wimbo wakati matarumbeta bado yako katikati, tukaimba vipande vipande, watu wakacheka waziwazi. Jamani, niliona aibu nikataka ardhi inimeze. Nani angemwambia? Mzee mwenye heshima yake, aliyetufundisha wote! Tukirudi, mpiga ngoma akaninong'oneza, "Dada, kuanzia leo tutakuangalia wewe."

Ndivyo tulivyofanya. Mimi nasimama mbele, sauti ya kwanza. Nikiinua bega la kulia, wanaingia. Nikilishusha, wanamaliza. Mjomba anapunga mikono yake pale mbele, na hakuna hata mmoja anayemfuata. Tukaanza kusifiwa upya. Watu wanampa mkono, wanamwambia, "Mwalimu, wewe ni dhahabu," naye anacheka. Mimi roho inaniuma, lakini nilijiambia ni heshima, siyo uongo.

Mwaka huu akaja mgeni kutoka Dar, mwalimu wa muziki. Yeye alikaa pembeni, nyuma ya ngoma. Tulipomaliza akanifuata akasema, "Binti, nimeona bega lako." Nilitamani kukimbia. Baadaye ikaja barua yenye jina langu: nafasi ya kusomea kuongoza okestra, miaka miwili. Sharti moja tu, barua ya kunithibitisha kutoka kwa mwalimu wangu.

Nikampelekea Mjomba. Nikapiga magoti, nikamsemea karibu na sikio lile lenye nafuu, "Shikamoo Mjomba. Naomba uniandikie." Akaisoma barua ya Dar mara mbili, akaikunja, akaitia mfuko wa koti. "Nimesikia, mwanangu," akasema. Kisha wiki tatu nzima zikapita bila kuniandikia.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunitisha. Alikusanya matarumbeta yote akayasugua mwenyewe, moja baada ya lingine, hataki msaada. Baiskeli yake, ambayo hata mimi sikuruhusiwa kuigusa, akampa mpiga ngoma. Akaenda Nambilanje kuwaaga wazee wa ukoo, na hakuna safari tunayoijua. Juzi akaja kibandani kwangu na suti yake nyeusi. "Ipunguze," akasema, "inilale vizuri." Nikampima kwa tepu, amekonda mno. Nikamuuliza, "Unaenda wapi, Mjomba?" Akasema, "Kwenye shughuli yangu." Akatabasamu tu.

Mama nilipomweleza aliangua kilio, halafu akaninyooshea kidole. "Kaka yangu akianguka mbele za watu, ujue ni wewe umemwangusha. Na usirudi hapa." Hasira zilinipanda! Mimi ndiye niliyemshikilia miaka yote hii asianguke! Lakini najua anaogopa kama mimi.

Natakiwa niwe nimefika Dar Ijumaa. Jumapili yake ni jubilei ya kwaya yetu, na watu wa Ruangwa, wale wale waliocheka, wamealikwa. Nikiondoka, hakuna bega. Wenzangu wamekataa kabisa kujifunza kumwangalia mtu mwingine, wanasema nikiondoka wataimba wanavyojua.

Jana jioni Mjomba akanipa bahasha. Ndani kuna barua ya Dar, na barua aliyoniandikia. Amenisifu mpaka nikalia. Chini yake kuna karatasi nyingine, ya mwandiko wake mzuri ule wa ubaoni: "Nyimbo za siku ya kunisindikiza." Nyimbo tano, zote za mazishi, tarehe ameacha wazi, na mahali pa mwongozaji ameandika jina langu. Pembeni ya wimbo wa kwanza ameandika: "Polepole. Siku hiyo waangalie mkono wako, siyo bega."

Kumbe alijua. Miaka yote alijua, akasimama pale akapunga mikono.

Nikamkimbilia nikamuuliza, "Mjomba, hii maana yake nini?" Akaniangalia mdomo, akasema, "Nenda zako Dar. Jumapili nitasimama peke yangu." Sikuelewa kama ananibariki au ananiaga. Usiku kucha sijalala.

Suti nimeshaimaliza. Imetundikwa hapa mbele yangu wakati naandika, na kesho asubuhi anakuja kuichukua. Ndugu zangu, niambieni kabla hajabisha hodi: nimkabidhi nipande basi, au nimnyime nibaki? Nishaurini, nifanye nini?